Kuzima hitilafu ya laini ya kV 400 kabla gridi haijayumba: mwongozo kamili wa ulinzi wa kasi

Mtambo wa umeme wa maji ukiwa unazalisha kwa nguvu zake zote, hitilafu ya fezi tatu ikatokea mlangoni mwake, umeme hukosa pa kwenda lakini maji yanaendelea kusukuma turbini. Rota inaongeza kasi na kuanza kuitangulia gridi. Kwa mtambo wenye inersia (H) ya sekunde 3.5 kwenye gridi ya Hz 50, rota hupata mchapuko wa nyuzi 2,571 kwa kila sekunde mraba. Chukua nusu ya tarakimu hiyo, zidisha kwa muda uliopigwa mraba, unapata pembe. Baada ya milisekunde 100 rota imetangulia nyuzi 13, na gridi inavumilia. Baada ya milisekunde 400 imetangulia nyuzi 206: mtambo umeshapotezana na wenzake na lazima utolewe.

Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na milisekunde. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya MW 235 kila mmoja, jumla MW 2,115, na umeme wake unapanda laini ya msongo wa kV 400 kwenda Chalinze. Hitilafu kwenye njia ya namna hiyo ikichelewa kuondolewa, anayeumia ni gridi nzima.

Mwongozo huu ni kwa mhandisi au fundi sanifu anayepewa laini mpya aipangie ulinzi kuanzia karatasi tupu hadi siku ya kuiwasha. Msimamo wangu nautoa mapema: kasi hainunuliwi kwa rilei (kifaa kinachogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe) ya bei kubwa, na laini inayotripu (inayojikata) haraka bila sababu ni hatari kuliko inayochelewa kidogo. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye upeo wa zoni (vipande vya njia ambavyo rilei inavitazama, kila kimoja na muda wake), mzigo na mawasiliano, na mengine nitayapita haraka.

Hatua ya 1: Andika bajeti ya muda

Kabla ya kufungua programu ya kuseti, andika kila kitu kinachokula muda kati ya hitilafu kuanza na mkondo kukatika. Rilei ya kidijitali ya kawaida huamua ndani ya ms 15 hadi 25. Kontakti ya kutripu, ms 5. Breka (swichi kubwa ya kukata umeme) nzuri ya kV 400 hukata mkondo ndani ya mizunguko miwili, yaani ms 40. Mawasiliano ya kuvusha ishara hadi kituo cha pili, weka ms 10 kama njia ni ya faiba.

Kwa hiyo upande ulio karibu na hitilafu: 20 + 5 + 40 = ms 65. Upande wa mbali unaosubiri ishara: 20 + 10 + 5 + 40 = ms 75. Mawasiliano yasipokuwepo, upande wa mbali unasubiri zoni 2, inayocheleweshwa makusudi kwa ms 350: 20 + 350 + 5 + 40 = ms 415. Rudi kwenye nyuzi 206 za hapo juu uone maana yake.

Bajeti hii hufichua jambo ambalo wengi hawaliangalii. Kuna vituo vimefungwa rilei za kisasa kabisa, lakini amri ya kutripu inapita kwenye rilei kisaidizi mbili za zamani kabla ya kufika kwenye koili ya breka, kila moja ikila ms 10 au 15. Umelipia kasi kisha umeipoteza kwenye waya za kabati. Fuata waya kwa kidole kwenye mchoro, kutoka kontakti ya rilei hadi koili, na uhesabu vituo vya njiani.

Hatua ya 2: Pata tarakimu za laini, na uzipime

Mfano tutakaotumia ni laini ya kV 400 yenye urefu wa km 160, saketi mbili kwenye minara ileile. Tarakimu za impidansi (kizuizi cha laini kwa mkondo) ni za kufundishia. Zako utazitoa kwenye usanifu wa laini yako.

Mfuatano chanya (fezi tatu zikiwa na mizani): 0.03 + j0.30 Ω kwa km, hivyo Z1 = 4.8 + j48 Ω, yaani 48.24 Ω kwa pembe ya 84.3°. Mfuatano sifuri (mkondo unaorudi kwa ardhi): 0.25 + j0.95 Ω kwa km, hivyo Z0 = 40 + j152 Ω, yaani 157.2 Ω kwa 75.3°. CT (transfoma ya kupimia mkondo) ni 2000/1. VT (transfoma ya kupimia volti) ni kV 400 kwa V 110. Ili kubadilisha ohamu za laini ziwe ohamu anazoziona rilei, zidisha kwa 2000 kisha gawa kwa 3,636: unapata 0.55. Laini yote kwa macho ya rilei ni 26.5 Ω.

Z1 huwa haina matata. Z0 ndiyo yenye kesi, kwa sababu mkondo wa hitilafu ya ardhini unarudi kwa njia ya udongo, na udongo wa mawe makavu haufanani na udongo wa bondeni wenye maji. Hesabu za kompyuta zinakisia udongo mmoja kwa laini nzima. Kabla laini haijawashwa, omba muda wa kuipima kwa kuingiza mkondo mdogo ukiwa umeiethi (umeiunganisha na ardhi) upande wa pili. Ni kazi ya siku chache na haifanyiki tena kirahisi laini ikishabeba mzigo.

Kutokana na Z0 na Z1 unapata kipengele cha fidia ya ardhi: k0 = (Z0 − Z1) ÷ 3Z1, ambayo hapa ni 0.76 kwa pembe ya −13°. Angalia sana hapa. Watengenezaji hawaulizi kitu kilekile. Rilei moja inataka k0 kama nilivyoiandika. Nyingine inataka uwiano wa Z0 na Z1, ambao ni 3.26 kwa −9°. Nyingine inatenganisha rezistansi na riaktansi: (R0/R1 − 1) ÷ 3 = 2.44, na (X0/X1 − 1) ÷ 3 = 0.72. Laini ni ileile, tarakimu tatu tofauti. Anayenakili setingi kutoka rilei ya kampuni moja kwenda ya kampuni nyingine bila kusoma kitabu chake ataiwekea laini upeo wa ardhini usiofanana na ukweli, na hakuna taa itakayowaka kumwonya.

Hatua ya 3: CT na VT

Rilei haioni laini. Inaona kile CT na VT zinachoiambia. CT ikijaa sumaku kwenye nusu mzunguko wa kwanza, rilei ya kasi ndiyo inayodanganyika kwanza kwa sababu haisubiri. Kagua volti ya goti (pale CT inapoanza kujaa): kwa tahadhari kamili, isiwe chini ya (1 + X/R) × mkondo wa hitilafu upande wa pili × (rezistansi ya CT + ya waya). Hitilafu ya kA 12 kupitia CT ya 2000/1 ni A 6. X/R (uwiano wa riaktansi na rezistansi) ikiwa 15 na rezistansi zote zikiwa 10 Ω, unahitaji V 960. Watengenezaji wengi hukubali kipengele kidogo kuliko hicho, na kila rilei ina kanuni yake kwenye kitabu. Itumie hiyo.

Chagua CT za A 1 badala ya A 5 pale yadi inapokuwa kubwa. Kwa waya uleule mzigo unapungua mara 25. VT za kapasita zina tabia ya kutoa volti ya uongo kwa mizunguko michache volti inapoporomoka ghafla. Chanzo kilichoko nyuma ya rilei kikiwa dhaifu, uongo huo unaweza kuipitilizisha zoni 1, hivyo washa kichujio chake kwenye rilei na ukubali ucheleweshaji mdogo unaokuja nacho.

Hatua ya 4: Chagua kinga kuu mbili zisizofanana

Kwa kV 220 na kuendelea weka kinga kuu mbili, kila moja na kiini chake cha CT, fyuzi yake ya VT, betri yake na koili yake ya kutripu. Pendekezo langu: kinga kuu 1 iwe ya tofauti ya mikondo (inalinganisha mikondo ya pande mbili), kinga kuu 2 iwe ya umbali (inakadiria umbali wa hitilafu kwa impidansi) yenye mawasiliano. Kuweka mbili za umbali kutoka makampuni mawili ni afadhali kuliko moja, lakini zote zinategemea volti, na VT yenyewe ikiharibika zote zinabaki kuulizana.

Kuna sababu nyingine inayokuja kwa kasi. Kenya, umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, MW 310, unasafiri kwa laini ya kV 400 ya zaidi ya km 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Vyanzo vinavyopitia vibadilishaji vya kielektroniki, vya upepo na vya jua, havitoi mkondo mkubwa wa hitilafu kama jenereta za kawaida. Mara nyingi hauzidi sana mkondo wa kawaida wa mtambo, na mfuatano hasi (alama ya fezi kukosa mizani) unatoka jinsi programu ya kibadilishaji ilivyoandikwa. Rilei ya umbali upande huo inaweza kushindwa kujua hitilafu iko mbele au nyuma. Ya tofauti inajumlisha mikondo ya pande zote mbili, hivyo upande wa pili ukiwa na nguvu inatosha.

Hatua ya 5: Zoni 1 na zoni 2

Zoni 1 inatripu papo hapo bila kumuuliza mtu, hivyo hairuhusiwi kuvuka basiba (mapao yanayounganisha laini zote kituoni) ya kituo cha pili hata CT, VT na tarakimu za laini zikikosea kwa pamoja. Asilimia 80 ndiyo desturi: 38.6 Ω za laini, 21.2 Ω za rilei.

Kwa hitilafu za ardhini kwenye saketi mbili, asilimia 80 inaweza kuwa nyingi. Saketi jirani ikiwa imezimwa kwa matengenezo na kuethiwa pande zote mbili, mkondo unazuka ndani yake kwa kuvutwa na hitilafu ya saketi yako, na rilei inaona hitilafu iko karibu kuliko ilivyo. Hiyo ndiyo hali ya kupitiliza. Shusha zoni 1 ya ardhini hadi asilimia 70, yaani 33.8 Ω, au tengeneza kundi la pili la setingi linalowashwa jirani anapoethiwa. Mimi napenda la kwanza. Makundi ya setingi yanayobadilishwa kwa mkono husahaulika.

Zoni 2 lazima ione laini yote na ziada, isipungue asilimia 120: 57.9 Ω, ambazo ni 31.8 Ω za rilei. Sasa tazama laini fupi kuliko zote inayoanzia kituo cha pili. Tuseme ni ya km 60, impidansi 18.1 Ω. Zoni 1 yake inafika asilimia 80 ya hapo, yaani 48.24 + 14.5 = 62.7 Ω ukipima kutoka kwako. Zoni 2 yako ya 57.9 iko ndani ya mpaka huo, hivyo hamtagongana. Ingekuwa km 30, ungevuka, na hapo hufupishi upeo bali unarefusha muda: zoni 2 yako inasubiri hadi zoni 2 ya jirani imalize.

Muda wa zoni 2, ms 350. Tarakimu hii haikuokotwa. Inatokana na breka kugoma (kushindwa kukata ilipoamriwa), tutakayoifikia hatua ya 9.

Hatua ya 6: Zoni 3, mahali gridi zilipoangukia

Tarehe 14 Agosti 2003, saa 10 jioni na dakika 5, laini ya kV 345 ya Sammis–Star huko Ohio, Marekani, ilitripu. Hapakuwa na hitilafu juu yake. Laini nyingine zilikuwa zimeshatoka, mzigo wao ukahamia kwake, volti ikashuka, na rilei ya zoni 3 (ya akiba, inayotazama mbali kuliko zote) ikaona impidansi iliyopungua ikaamini ni hitilafu ya mbali. Baada ya hapo gridi ya kaskazini mashariki ya Marekani na Ontario ilianguka, watu wapatao milioni 50 gizani. Usiku wa tarehe 30 Julai 2012 India ikapata ya kwake kwa njia ileile: laini ya kV 400 ya Bina–Gwalior ilitripu kwa zoni 3 ikiwa imebeba mzigo tu.

Kitabu cha zamani kinasema zoni 3 ifunike laini yako na asilimia 120 ya laini ndefu kuliko zote ya mbele. Tuseme hiyo ni ya km 200, yaani 60.3 Ω. Zoni 3 inakuwa 48.24 + 72.4 = 120.6 Ω. Tuipime.

Kigezo cha Marekani kilichoandikwa baada ya 2003 ni kizuri na hakuna sababu ya kukiacha: rilei isitripu mkondo ukiwa asilimia 150 ya uwezo wa laini, volti ikiwa 0.85, pembe ya mzigo 30°. Laini yetu ina uwezo wa A 2,000. Impidansi ya mzigo mkali ni 0.85 × 400,000 ÷ (1.732 × 1.5 × 2,000) = 65.4 Ω. Zoni 3 ya umbo la duara, yenye pembe ya 84.3°, kwa pembe ya 30° inafika 120.6 × cos 54.3° = 70.4 Ω. Mzigo uko ndani ya duara. Siku gridi itakapolemewa, rilei hii itaitupa laini kwenye shimo ikiwa nzima.

Ukitaka kupita kigezo kwa duara peke yake, zoni 3 isizidi 112 Ω, na hapo huna akiba yoyote. Njia bora ni kuwasha kizuizi cha eneo la mzigo, ambacho rilei nyingi za kisasa zinacho, au kutumia umbo la pembenne na kubana upande wa rezistansi.

Lakini kuna swali la kujiuliza kabla ya hayo yote: hiyo zoni 3 itaona nini? Kituo cha pili kina vyanzo vingine. Hitilafu ikiwa mwisho wa ile laini ya km 200, na laini yako ikichangia theluthi moja tu ya mkondo, 60.3 Ω zinaonekana kama 181. Jumla ni 229 Ω. Zoni 3 ya 120.6 haifiki hata nusu ya njia ya jirani. Kwa hiyo una kitu ambacho hakikusaidii siku ya hitilafu ya mbali na kinakuangamiza siku ya mzigo mkubwa. Kama vituo vya mbele vina kinga kuu mbili, betri mbili na kinga ya breka kugoma, fupisha zoni 3 au izime kwa kutripu uibakize kwa kutoa taarifa tu. Hoja hii inapingwa na baadhi ya wakongwe wa fani, na pale kituo cha mbele kina betri moja iliyochoka, wana haki.

Hatua ya 7: Mawasiliano

Ili asilimia 20 za mwisho za laini zipate kasi, rilei mbili lazima ziongee. Utaratibu unaofaa laini nyingi ni wa ruhusa kwa zoni 2: kila upande ukiona hitilafu mbele unatuma ishara, ukiona mbele na ukapokea ishara, unatripu bila kusubiri. Ongeza ndani yake kinga ya ardhi yenye mwelekeo, kwa sababu hitilafu kupitia mti au moshi wa moto wa nyika ina rezistansi kubwa ambayo zoni za umbali hazioni.

Mambo mawili usiyasahau. Kwenye saketi mbili, breka moja ya saketi mbovu ikiwahi kufunguka kuliko mwenzake, mkondo kwenye saketi nzima unageuka ghafla. Rilei ambayo sekunde hiyo ilikuwa inaona nyuma inaona mbele huku ishara ya zamani ikiwa bado haijazimika. Weka kizuizi cha mgeuko wa mkondo cha ms 40 hadi 60. La pili, upande wenye chanzo dhaifu hautaona kitu cha kutuma. Washa mwangwi, upande huo urudishe ishara iliyopokea.

Faiba ya ndani ya waya wa juu wa ethi ni njia bora, na mwanga unachukua mikrosekunde 5 kwa km, hivyo km 160 ni ms 0.8 tu. Ila faiba hiyo imebebwa na minara ileile. Mnara ukianguka vyote vinakwenda pamoja, na ndiyo maana kinga kuu ya pili inafaa ipite njia nyingine isiyotegemea minara hiyo.

Hatua ya 8: Kinga ya tofauti ya mikondo

Kanuni yake ni nyepesi: kinachoingia kitoke. Matatizo ni mawili. Kwanza, laini yenyewe ni kapasita. Kwa nF 12 kwa km, laini yetu inavuta A 139 za kuichaji hata ikiwa haina mzigo, na rilei inaziona kama tofauti. Kiwango cha kuamka kiwe mara 2.5 hadi 3 ya hapo. A 400 ni sawa.

Pili, muda. Rilei hizi hupima ucheleweshaji wa njia kwa kutuma ujumbe na kuurudisha, kisha zinagawa kwa mbili zikiamini kwenda na kurudi ni sawa. Mtandao wa mawasiliano ukielekeza kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine ndefu, tofauti ya ms 1 inazaa kosa la ms 0.5, sawa na nyuzi 9. Kwenye mzigo wa A 2,000 hiyo ni A 314 za uongo, na bado hujaweka zile za kuchaji. Waambie watu wa mawasiliano kwa maandishi: njia mbili zipite sehemu moja, na zikihamishwa, zihamishwe zote. Wao wanaona data imefika wanaridhika, wewe hujaridhika.

Rilei za mawimbi yanayosafiri nazo zimeingia sokoni. Zinasoma mara milioni moja kwa sekunde na kuamua ndani ya milisekunde chache, kwa kutazama wimbi la kwanza lililokimbia kutoka kwenye hitilafu kwa kasi ya karibu m 300 kwa mikrosekunde. Ni nzuri, lakini hitilafu ikianza volti ikiwa inapita sifuri, wimbi linakuwa dogo mno. Zichukue kama nyongeza juu ya hizo kinga mbili.

Hatua ya 9: Vilivyobaki kwenye karatasi ya setingi

Breka kugoma: ms 40 za breka, ms 20 za kigunduzi cha mkondo kutulia, ms 90 za akiba, jumla ms 150. Hitilafu inaondoka kwa 20 + 150 + 10 + 40 = ms 220. Zoni 2 ya ms 350 inabaki na nafasi ya ms 130, na sasa unajua ilikotoka. Kinga hii itume pia amri ya moja kwa moja kwa kituo cha pili.

Breka kujifunga tena: hitilafu nyingi za laini za juu ni za fezi moja na za kupita, hasa kwenye nchi za radi nyingi kama ukanda wa Ziwa Victoria na mashariki ya Kongo. Fungua fezi moja, subiri karibu sekunde 1 ili arki ya pili inayolishwa na fezi jirani izimike, funga. Zuia kujifunga kwa hitilafu ya fezi tatu, kwa tripu ya zoni 2 iliyochelewa na kwa breka kugoma.

Kufunga breka juu ya hitilafu: laini ikiwashwa na ethi ya mafundi imesahaulika juu yake, volti ni sifuri tangu mwanzo na rilei ya umbali haina kumbukumbu ya kujua mwelekeo. Washa kinga maalumu ya sekunde ya kwanza baada ya kufunga.

Fyuzi ya VT na myumbo wa gridi: vyote vina vizuizi, viwashe. Myumbo unatambulika kwa impidansi inayotembea polepole, hitilafu inaruka.

Hatua ya 10: Kupima

Kupima rilei moja moja mezani hakutoshi. Peleka mashine ya kupima kila kituo, zifungane kwa saa ya GPS, pigeni hitilafu ileile kwa sekunde ileile pande zote mbili. Pigeni ndani ya laini, nje ya laini, mgeuko wa mkondo, na hitilafu huku mawasiliano yamekatwa. Zile za nje ndizo muhimu zaidi, ingawa ndizo zinazorukwa jioni watu wakichoka. Kabla ya kugusa waya za CT, hakikisha zimeshotiwa kwenye tesiti bloku. CT iliyoachwa wazi ikiwa na mkondo inaua.

Kipimo cha mwisho ni mzigo wa kwanza. Laini imewashwa, upande wa pili wazi: kinga ya tofauti ionyeshe karibu A 139, yaani A 0.07 kwenye waya. Ikionyesha sifuri, usishangilie. Huenda CT fulani imeshotiwa bado. Kisha funga upande wa pili, acha A 300 zipite. Mkondo wa tofauti ubaki ulivyokuwa. Ukiruka kufika A 600, CT za upande mmoja zimegeuzwa. Linganisha pembe ya kila fezi na mwelekeo wa MW unaosomwa chumba cha udhibiti, na uandike kwa kalamu kwenye fomu kabla hujaondoka.

Hatua ya 11: Baada ya kila tripu

Vuta rekodi za pande zote mbili siku hiyohiyo, hata kama breka imejifunga na watumiaji hawakujua. Angalia muda halisi dhidi ya bajeti ya hatua ya 1. Breka iliyokuwa inakata kwa ms 38 ikianza kukata kwa ms 52, imekupa taarifa kabla haijagoma.

Kama una rekodi za mawimbi, tafuta mahali pa hitilafu: umbali kutoka A ni nusu ya (urefu wa laini + kasi × tofauti ya muda wa A na B). Wimbi likiwahi kufika A kwa mikrosekunde 200, kasi ikiwa km 295 kwa milisekunde: (160 − 59) ÷ 2 = km 50.5. Kosa la saa la mikrosekunde 1 ni m 150 hivi, chini ya hatua moja ya mnara hadi mnara. Lakini urefu wa waya si urefu wa ramani, kwa sababu waya unalegea kati ya minara. Siku ya kuiwasha laini, rekodi muda wa wimbi kwenda hadi mwisho ulio wazi na kurudi, na utumie huo badala ya km 160 za kwenye mchoro. Timu ya doria ipewe namba ya mnara na ya jirani zake wawili kila upande, na wapande na darubini: kikombe cha kihami kilichoungua na radi mara nyingi huonekana kwa alama ya weupe isiyozidi kiganja.